Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Mpe Jembe: Je, Jembe Lenyewe Tunalitoa?





Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari mwaka huo huo, misikiti yetu hapa Kampala imekuwa ikiona nyuso mpya. Kabla yao, mwaka 2015, walikuja ndugu zetu wa Burundi. Na kabla ya hao walikuja wengine, kwani eneo letu hili la Maziwa Makuu halijapata kupumzika muda mrefu. Uganda leo ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Baadhi yao ni Waislamu wa Kasongo, Uvira, Rumonge na Buyenzi, watu wa Kiswahili kama sisi.

Alhamdulillah, hatuna ubaya wa kupokea. Mgeni akiingia msikitini na watoto wake na mfuko mmoja wa nguo, hatalala na njaa. Mama zetu watapika, mtu atatoa godoro, mwingine atatoa chumba kwa wiki mbili, na Ijumaa kofia itapitishwa kwenye safu. Katika hili tunastahili kusifiwa, na Allah ndiye mlipaji.

Shida inaanzia pale wiki mbili zinapokwisha. Chumba kinahitajika na mwenyewe, kofia haipitishwi tena, na mgeni anabaki amekaa barazani pa msikiti baada ya Alasiri akiangalia magari. Hapo ndipo utawasikia watu wakinong'onezana: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Msemo huu tumeugeuza fimbo ya kumfukuzia mgeni. Lakini hebu tuusikilize vizuri. Anayeambiwa afanye kitu ni nani? Ni mwenyeji! Yeye ndiye anayeamrishwa atoe jembe. Mgeni hakusafiri na jembe, wala hajui shamba liko upande gani, wala hajui mvua za huku zinaanza mwezi gani. Mwenye kujua hayo ni mwenye nyumba. Basi swali langu katika makala hii ni moja tu: sisi wenyeji, siku ya tatu ikifika, jembe tunalitoa?

Mimi ni mwalimu wa madrasa, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Nilifika Kampala nikiwa kijana, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba magunia kwenye duka la jumla ambalo mwenyewe alinizungusha na mshahara wa miezi miwili mpaka nikachoka kuudai. Siandiki haya ili nionewe huruma. Naandika ili msomaji ajue kwamba njia hii nimeipita kwa miguu.

SA'D ALIMPA NINI ABDUR-RAHMAN?

Kila mtoto wa madrasa anakijua kisa cha Muhajirina na Ansari. Waislamu wa Makka walipohamia Madina, wengi wao waliacha nyumba na mali nyuma yao. Mtume (s.a.w.) akawaunganisha wawili wawili, mhamiaji mmoja na mwenyeji mmoja, wawe ndugu. Abdur-Rahman bin Awf (r.a.) aliunganishwa na Sa'd bin Rabi' (r.a.), mmoja wa matajiri wa Madina. Sa'd akampa ahadi ambayo mpaka leo inatushangaza: akae na nusu ya mali yake yote. Abdur-Rahman akamwombea dua ya baraka, kisha akaomba kitu kimoja tu, aonyeshwe soko.

Wakamwelekeza kwenye soko la Banu Qaynuqa. Akaenda, akafanya biashara, akarudi na jibini kavu na samli. Kesho yake akaenda tena. Haukupita muda mrefu akaoa, kisha akawa miongoni mwa Maswahaba wenye mali nyingi zaidi, anayetoa na wala haombi.

Tunapokisimulia kisa hiki huwa tunamsifu Abdur-Rahman kwa kutotaka kula jasho la mwenzake, na ni haki yake. Lakini ninawaomba leo tuwatazame na wenyeji wake. Wale walikuwa na elimu ambayo kwao haikuwa na thamani yoyote, kwa sababu kila mtu wa Madina alikuwa nayo: soko liko wapi, nani anauza nini, njia ipi inafika. Kwa mgeni, elimu hiyo ilishinda nusu ya mali. Haikumpunguzia mwenyeji hata dirham moja, na ikamwinua mtu maisha yake yote.

Sisi wa Kampala tunataka thawabu za Sa'd kwa sahani ya wali. Soko hatulionyeshi. Na soko la Kampala leo si uwanja mmoja wenye vibanda. Ni mambo manne: karatasi, lugha, mtu wa kukudhamini na mtaji. Tuyatazame moja moja.

1. KARATASI

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, pamoja na Kanuni zake za mwaka 2010, inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi na kutembea ndani ya nchi. Zipo nchi nyingi duniani ambako mkimbizi anafungiwa kambini na akikutwa na kazi anakamatwa. Kwa hiyo tulichonacho hapa ni neema.

Lakini haki haina mdomo. Kinachosema badala yake ni kitambulisho, na kitambulisho kinatoka Idara ya Wakimbizi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Bila kitambulisho husajili laini ya simu kwa jina lako. Bila laini huna pesa ya simu. Bila pesa ya simu, tajiri wa kukulipa atakulipaje, na mteja wa mbali atakutumiaje? Tena upo waraka mwingine mdogo ambao mgeni hajawahi kuusikia, nao ni barua ya mwenyekiti wa LC1 wa mtaa. Barua ile inasema fulani anakaa kwetu na tunamjua. Inaulizwa na mwenye nyumba, inaulizwa na mwajiri, inaulizwa hata na polisi usiku.

Wapo pia wasioingia kama wakimbizi. Wengine wanasikia kwamba Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wakadhani pasipoti peke yake inatosha kuajiriwa. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, nayo inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuja kutafuta kazi. Lakini akiipata kazi ya mkataba, kibali cha kazi cha Uhamiaji bado kinatakiwa. Kwa hiyo kuna milango miwili, wa mkimbizi na wa mfanyakazi, na mtu asiingize mguu mmoja huku na mmoja kule. Mkimbizi anayekwenda ubalozini kwao kuchukua pasipoti na kurudi nyumbani kwa matembezi anaweza kupoteza hifadhi yake.

Na hapa niwaonye wageni wetu: huduma za UNHCR hazilipiwi. Mtu akikuambia anauza fomu ya Canada, au anauza nafasi ya mahojiano, huyo ni mwizi hata akiwa na koti na beji shingoni, hata akiwa anaswali safu ya mbele.

Mgeni wa wiki mbili hawezi kuyajua haya. Mwenyeji wa miaka kumi anayajua hata akiwa usingizini. Inamgharimu nini kufuatana naye asubuhi moja mpaka kwa mwenyekiti?

2. LUGHA

Wengi wetu tunajidanganya kwamba mtu wa Kiswahili hana shida ya lugha Kampala. Ni kweli kwamba Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kikapendekezwa kifundishwe kwa lazima mashuleni. Lakini Owino hawafanyi biashara kwa uamuzi wa Baraza la Mawaziri. Wanafanya kwa Kiganda. Na wazee wengi wa hapa bado wanakihusisha Kiswahili na wanajeshi wa zama za Idi Amin na wezi wa usiku. Mama wa Bukavu anayeuliza bei kwa Kiswahili anapewa bei ya mgeni, na akilalamika anaambiwa arudi kwao.

Mama huyo huyo akijifunza kuuliza "ssente mmeka", akijua kuhesabu mpaka elfu kumi, na akijua kumwita mteja wake ssebo au nnyabo kwa heshima, mambo yake yanabadilika ndani ya mwezi mmoja. Sizungumzii kusoma vitabu. Nazungumzia maneno mia moja ya sokoni. Kiingereza nacho kinahitajika kwa anayetaka kazi ya ofisi, hospitali au shule, hasa kwa ndugu zetu waliosoma kwa Kifaransa.

Sasa niseme jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji. Wakimbizi wa Kampala, Waislamu wakiwemo, kwa miaka mingi wamefundishwa Kiingereza na Wajesuiti kupitia shirika lao la JRS, na wamefundishwa na vijana Wakongo wa YARID ambao wenyewe ni wakimbizi. Hakuna aibu kwa Mwislamu kujifunza kwa yeyote mwenye elimu yenye manufaa, na wanaofundisha tuwashukuru. Aibu iko kwetu. Madrasa zetu zina vyumba, mikeka na ubao mweusi, na kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, watoto wakiwa shuleni, vyumba hivyo vimefungwa kufuli. Wanafunzi wetu wa sekondari na vyuo wanaongea Kiganda na Kiingereza kama maji. Wakati wa likizo wanashinda na simu. Kijana mmoja, saa moja kwa siku, wageni kumi mbele yake: je, hii nayo inahitaji wafadhili kutoka Uarabuni?

3. MTU WA KUKUDHAMINI

Kazi nyingi za Kampala hazitangazwi gazetini. Fundi anamwambia fundi, mwenye duka anamuuliza jirani yake kama anamjua kijana mwaminifu. Mgeni, hata awe fundi wa kiwango gani, hana mtu wa kusema neno lake. Hii ndiyo sababu utamkuta fundi cherehani aliyeshona suti Bujumbura miaka kumi na tano akifagia ua wa watu.

Lakini hebu tazama safu za Ijumaa. Humo mna mwenye gereji, mwenye bucha, mwenye saluni, wakili, mhasibu, muuza vifaa vya ujenzi, dereva, mwenye shule. Tunasimama bega kwa bega, imamu anatoa salaam, kila mtu anatafuta kiatu chake. Fundi yule wa cherehani alikuwa safu ya tatu na mwenye duka la nguo alikuwa safu ya pili, na hawakujuana.

Kudhamini si kusema uongo. Usimsifie mtu usiyemjua. Waweza kusema: huyu ni jirani wa msikiti, anasema anajua kushona, mpime kwa kazi ya siku moja. Hilo tu. Lililobaki mikono yake itasema yenyewe.

Kwa waliosoma, udhamini una sura nyingine. Muuguzi au mwalimu mwenye vyeti vya Kifaransa anahitaji kwanza vitafsiriwe, kisha vilinganishwe na vya hapa. Vya sekondari vinalinganishwa na UNEB, vya elimu ya juu na NCHE, na muuguzi anapaswa kuingizwa kwenye daftari la Baraza la Wauguzi na Wakunga. Hayo huchukua miezi na ada. Asipoambiwa mapema, atakaa mwaka mzima akipeleka maombi ya kazi yasiyojibiwa, huku akidhani anachukiwa. Na asiye na cheti chochote ajue kwamba Uganda ina utaratibu wa kumpima fundi kwa kazi ya mikono yake na kumpa cheti bila kumuuliza alisoma mpaka darasa la ngapi.

Kisha kuna jambo chungu. Baadhi yetu tukimwajiri mgeni tunamlipa nusu, au hatumlipi kabisa, tukiita msaada. Tunamwambia avumilie, sisi ni ndugu. Ndugu gani huyu? Dini yetu imetuamrisha kuharakisha ujira wa mfanyakazi, na haikutofautisha mwenye pasipoti na asiye nayo. Anayemfanyisha kazi mkimbizi kwa sababu anajua hana pa kushtaki, huyo amekula mali ya mtu dhaifu, na kanzu nyeupe haifuti hilo.

4. MTAJI

Zaka zetu nyingi huishia kwenye unga, mchele na sukari za Ramadhani. Ni kheri, lakini unga wa mwezi mmoja unakwisha kwa mwezi mmoja. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi'i, na wanachuoni wa madhehebu hayo, akiwemo Imamu Nawawi katika kitabu chake al-Majmu', walilieleza suala hili karne nyingi zilizopita: fukara mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia vyombo vya ufundi wake, na mfanyabiashara hupewa mtaji unaomfaa kwa biashara yake. Yaani jembe! Elimu hiyo ipo kwenye vitabu tunavyosomesha, na hatuitumii.

Hebu tupige hesabu ya vitu. Mpika chapati anahitaji jiko la mkaa, kikaango, meza, mfuko wa unga wa ngano, mafuta na gunia la mkaa. Kinyozi anahitaji mashine, kioo, kiti na sehemu yenye umeme. Fundi anahitaji cherehani. Vitu vya aina hii msikiti mmoja unaweza kumnunulia mtu mmoja kila mwezi bila kuomba nje. Tukimpa jina la Kiislamu, awe ni mkopo mwema usio na riba, arudishe kidogo kidogo ili apate mwingine. La, kama ni fukara wa kustahiki zaka, apewe moja kwa moja. Tusipofanya hivyo ataingia kwenye mikopo ya simu, na ile ikishamkamata haimwachii.

Na mtaji bila elimu ya mji unapotea. Mnawaona mama wa Kikongo wanaotembeza vitenge kichwani kutwa nzima. Ni wachapakazi, Allah awazidishie. Lakini kuchuuza barabarani bila leseni ni kosa hapa mjini, na tangu msako wa mapema mwaka 2022 wachuuzi wengi wanajua kwamba bidhaa ya mwaka mzima yaweza kuondoka asubuhi moja. Mwenyeji anayemwonyesha mama huyo kona ya kibanda cha kushirikiana na mwenzake amemwokolea mtaji.

WANAOSEMA KAZI HAZITOSHI

Nimeyasikia maneno haya, na wanaoyasema si watu wabaya: vijana wetu wenyewe wanakaa bila kazi, sasa tuwatafutie wageni? Hoja hii ina uzito. Mzazi ambaye mwanawe ana digrii na anaendesha bodaboda ana haki ya kuuliza.

Lakini tutazame ushahidi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha uchunguzi wao kuhusu uchumi wa wakimbizi nchini Uganda. Waliona kwamba hapa Kampala asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mwingine mmoja, na katika walioajiriwa, asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Asiyeamini atembee Kisenyi, aone maduka ya Wasomali na nani wanasimama nyuma ya kaunta. Mgeni aliyeonyeshwa soko anakuja kumwajiri mtoto wako. Mgeni aliyeachwa barazani atabaki kuhesabiwa kwenye sadaka yako.

Tena zama za kutegemea misaada zinakwisha mbele ya macho yetu. Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani, WFP, liliwaondoa wakimbizi wapatao milioni moja kwenye mgao wa chakula nchini Uganda kwa kukosa fedha. Hao ni wa makazi kama Nakivale na Kyangwali. Aliyechagua kuishi Kampala hakuwa na mgao tangu mwanzo, kwani mjini mkimbizi anahesabiwa anajitegemea. Familia zilizokatiwa mgao zitakwenda wapi? Nyingine zitakuja mjini, na mlango wa kwanza watakaobisha ni wa msikiti.

AMA WEWE ULIYEFIKA

Nisiseme na wenyeji peke yao. Wewe ndugu yangu mgeni, nawe una deni katika jambo hili. Abdur-Rahman bin Awf alikuwa mfanyabiashara wa Makka, mtu wa mali na jina. Madina alianza kwa jibini na samli, na hakusema kwamba yeye si wa kuuza samli. Kazi ndogo ya halali haimshushi mtu. Kinachomshusha ni kukaa miaka akisimulia alikuwa nani huko alikotoka.

Upo ugonjwa mmoja hasa nitautaja kwa jina lake, nao ni kungojea Marekani. Nimeona familia zinakaa Kampala miaka minane bila kununua hata kabati, watoto hawafundishwi Kiganda, baba hatafuti kazi ya kudumu, kwa sababu faili liko ofisini na simu itapigwa wiki yoyote. Ukweli ni huu: wanaohamishiwa nchi ya tatu kila mwaka hawafiki asilimia moja ya wakimbizi wa dunia. Na tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa wamepimwa afya na kupangiwa ndege walirudi kwenye vyumba walivyokuwa wameshaaga.

Sisemi usiwe na faili. Faili libaki, dua iendelee. Nasema ishi kama utazeeka hapa. Jifunze lugha, tafuta mteja, mpeleke mtoto shule. Ndege ikija, utapanda ukiwa na ufundi, akiba na Kiingereza, na huko utakuwa mbele ya wenzako. Isipokuja, hujapoteza miaka minane.

Na mabinti zetu wajihadhari na mawakala wa kazi za Uarabuni wanaopita mitaani na ahadi za mishahara ya haraka. Wakala wa halali ana leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Anayekuambia atakutafutia pasipoti ya jina la mtu mwingine anakupeleka mahali ambapo ukipatwa na shida hakuna ubalozi utakaokutambua.

Jambo la mwisho kwa wazazi waliofika: mtoto wako atajifunza Kiganda kabla yako. Itakuwa rahisi kumtoa darasani kila siku akutafsirie hospitali, sokoni na kwa mwenye nyumba. Usifanye hivyo. Elimu ya msingi ya serikali, UPE, iliyoanza mwaka 1997, inapokea na watoto wa wakimbizi. Mtoto ni jembe lako la miaka ishirini ijayo, usilivunje kwa kazi za leo.

TUANZE WAPI?

Pendekezo langu ni dogo, na kila msikiti unaliweza. Liwepo daftari moja na watu watatu, mmoja wao awe mwanamke, kwani mama wajane wanaofika na watoto hawawezi kumweleza kila mwanamume mambo yao. Kila Ijumaa baada ya Swala wakae mezani nusu saa. Mgeni aandikwe jina la kwanza, anajua kazi gani, ana karatasi gani, anaongea lugha gani. Upande wa pili wa daftari waandikwe wenyeji: nani anahitaji fundi, nani ana kona ya kibanda, kijana gani ana saa moja ya kufundisha, nani anaweza kusindikiza mtu ofisini Jumatatu. Kisha mstari wa upande huu uunganishwe na mstari wa upande ule. Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha wawili wawili. Hakuunda kamati ya watu arubaini yenye mwenyekiti na makamu.

Fedha itakayohitajika mwanzo ni bei ya daftari na kalamu. Wanafunzi wangu wakubwa wa madrasa nimeshawaambia likizo hii watafundisha maneno mia ya sokoni, asubuhi, kwenye chumba kile kile wanachosomea Qur'ani jioni. Funguo ninazo mimi.

Msikiti wako una chumba? Funguo anazo nani?